Bi Upawa Anastaafu, Chaki ya Heshima Imebaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, Bi Upawa anastaafu baada ya kukitumikia Kitengo cha Kudhibiti Mbu kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa msichana mwenye buti za kuazima, anatoka akiwa bibi wa wajukuu, mwenye magoti mawili yasiyopatana. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike ukurasa mmoja wa kumuaga, uwe mchangamfu, uwe na vichekesho viwili vitatu. Vichekesho vipo. Hilo la ukurasa mmoja ndilo litakalonishinda, mnivumilie.

Wengine watauliza kwa nini kalamu amepewa dereva, wakati kitengo kina maofisa wenye shahada ukutani. Jibu ni kwamba mimi nimekaa na Bi Upawa ndani ya gari moja kuliko mtu yeyote hapa kazini. Najua anachokula, anachokiimba vibaya, na nani hamsalimii. Dereva husikia kila kitu na haulizwi chochote. Sasa mmeniuliza wenyewe.

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye makaratasi ya utumishi na sidhani kama lina kazi nyingine. Sisi tunamwita Bi Upawa kwa sababu ya upawa wake mweupe wa mpini mrefu, ule wa kuchotea maji. Kwa wageni waliomo ukumbini, kazi yetu ni hii: mkaguzi anaingia uani kwa watu, anatafuta maji yaliyotuama, anachota, anatazama kama mna viluwiluwi, yaani watoto wa mbu. Wakiwemo, maji yanamwagwa au yanatiwa dawa, mwenye nyumba anaelezwa, kisha getini inachorwa alama ya chaki pamoja na tarehe, kwamba nyumba hii imekaguliwa. Mbu wa homa ya kidingapopo hana haja na mtaro unaonuka. Anataka maji safi uliyoyaweka mwenyewe kwa nia njema, kwenye pipa, kwenye sahani ya maua, kwenye kopo la mbwa, na anauma mchana kweupe ukiwa umekaa zako barazani. Bi Upawa alikuwa akiwaambia wenye nyumba kwamba huyu adui hajatoka mbali, wanamfuga.

Kuna mama mmoja aliyeapa kwamba vile vinavyocheza ndani ya beseni ni samaki wa mwanawe. Bi Upawa alimwomba amkaribishe siku wakikaangwa. Kuna fundi wa matairi aliyeonywa mara nyingi kuhusu matairi yaliyojaa maji ya mvua, naye kwa ujanja wake akayapandisha yote juu ya bati, mahali ambapo mvua ingeyapata vizuri zaidi. Bi Upawa alipanda ngazi akiwa na upawa mdomoni, ngazi ikavunjika akiwa keshafika juu, akaendelea na ukaguzi kama kwamba hakuna lililotokea. Alipomaliza ndipo akamwambia fundi aliyekuwa akitetemeka chini kwamba sasa atafute ngazi nyingine, na asikawie, jua kali.

Na yule mlinzi wa ghala aliyelala kitini, kofia yake ngumu ikiwa chali ubavuni, imejaa maji ya mvua na viluwiluwi wakiogelea humo. Bi Upawa hakumwamsha. Alimwaga maji, akachora alama ya chaki na tarehe kwenye kofia, akairudisha pale pale. Tulipopita jioni mlinzi alikuwa ameivaa, alama ikiwa mbele, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Bi Upawa hakuwa mtu mwepesi. Alikula karanga ndani ya gari langu kwa miaka yote hiyo na maganda akayaacha chini ya kiti. Neno "naomba" hakuwahi kulizoea. Akikuona umevaa kaptula mchana wakati wa mvua, anakusema mbele ya watu mpaka unatamani ardhi ipasuke. Na mimi alinisumbua sana kwa sababu ya lile gari la kupulizia moshi wa dawa.

Kila magazeti yanapoandika habari za homa, mimi huamriwa kufunga mashine nyuma ya gari na kuzunguka mitaani nikipuliza dawa. Watoto wanakimbia nyuma, watu wazima wanapiga makofi, mwenye kamera naye yupo. Bi Upawa alisema napokewa kama bwana harusi. Alisema moshi wangu unawaua walio safarini tu, na wale waliobaki nyumbani ndani ya maji wanaendelea kukua, wiki ijayo wananisubiri. Kweli tupu, ila hakuna anayempigia makofi mtu anayemwaga ndoo. Nilimwambia hivyo siku moja, akanijibu kwamba yeye makofi yake anapigiwa nyumbani.

Alikuwa akimaanisha mumewe. Hapa uchangamfu niliouahidi unaanza kunipungukia, lakini wasifu wa Bi Upawa usiomtaja Fundi, mumewe huyo, ni uongo, na uongo tumeshaandika wa kutosha kwenye mageti ya mji huu.

Fundi alikuwa mshona nguo. Wengi wenu ovaroli zenu za kwanza zilipita mikononi mwake. Alishonea barazani kwake, cherehani ikitazama barabara, na hakuna aliyepita bila kutaniwa. Mimi aliniita mkwe ingawa binti hakuwa naye. Mkewe alimwita Mke wa Mbu, kwa kuwa, alisema, anashinda nao kutwa na yeye anabakiziwa usiku. Ovaroli ya Bi Upawa aliishonea mfuko wa pembeni mwembamba na mrefu, wa chaki peke yake, ili zisivunjike.

Sebule ya nyumba yao ilikuwa imejaa nguo za wateja zilizotundikwa, nyingi za harusi, nyeupe. Fundi hakutaka tope wala harufu ya dawa vikaribie pale. Basi akaweka pipa la maji nyuma ya nyumba, kando ya kizingiti cha jikoni, ili mkewe akirudi kazini aoshe buti na mikono kabla hajaingia. Alilijaza mwenyewe kila lilipopungua. Mfuniko wake ulipopasuka, alishona mwingine wa kitambaa, wenye mpira kuzunguka ukingo na ua katikati. Ulipendeza, Bi Upawa akawa anawaonyesha majirani. Mpira ulipolegea hakuna aliyeona.

Sasa niwaeleze jambo ambalo nyinyi wafanyakazi wenzangu mnalijua na wageni hawalijui. Ndani ya kitengo hiki kuna kitu kinaitwa chaki ya heshima. Mkaguzi akifika kwenye geti la mfanyakazi mwenzake, haingii. Anasalimia akiwa nje, anauliza habari za watoto, anachora alama na tarehe, anapita. Kuingia na kuanza kuinua mifuniko kungekuwa ni kumwambia mwenzako kwamba wewe unayetumwa kukagua uchafu wa watu, kwako tunakushuku. Hakuna aliyeiamuru desturi hiyo wala aliyeiandika. Tuliikuta, tukaipenda, maana ilitufanya tujione watu. Bi Upawa naye aliichora miaka mingi kwenye mageti ya wenzake, na tabasamu juu.

Ukaja mwaka ule wa mvua zilizokataa kuachana. Hospitali ililaza wagonjwa wawili wawili kitanda kimoja, wengine koridoni. Tulifanya kazi hadi Jumapili. Bi Upawa alipangiwa upande wa sokoni, na mtaa wake mwenyewe ulikuwa wa Bwana Taratibu, mkaguzi mwenzetu, mnayemfahamu wote kwa mwendo wake. Bwana Taratibu alifika getini kwa Bi Upawa asubuhi moja, mimi nikiwa nyuma ya usukani. Fundi alikuwa barazani anashona. Alimkaribisha ndani anywe hata maji. Bwana Taratibu alikataa, akasema nyumba ya dada yake haina haja ya kukaguliwa, labda akague hilo tumbo la shemeji. Walicheka, na mimi nikacheka. Akachora chaki yake vizuri, tukaenda nyumba ya pili.

Haikupita wiki Fundi akashikwa na homa. Mwanzoni alisema ni uchovu wa magauni ya watu. Kisha akalalamika macho yanamuuma kwa ndani na mifupa kama inasagwa, na Bi Upawa akajua, kwa sababu maneno hayo hayo alikuwa akiyasikia kila uani. Asubuhi fizi zilipoanza kutoka damu, alinipigia simu. Magari ya wagonjwa yalikuwa hayapatikani, nikaenda na pikapu yetu na mashine ya moshi ikiwa bado imefungwa nyuma. Tulimkalisha katikati yetu. Alikuwa amechoka mno, lakini tulipoingia barabara kuu aliniambia niwashe moshi, angalau majirani wampigie makofi na yeye.

Alifariki kesho yake mchana, bado yuko koridoni hospitalini.

Siku ya pili baada ya mazishi nilikuwa pale nyumbani, nimekaa na wanaume mbele. Akina mama walikuwa nyuma wanaosha vyombo vya msiba. Bi Upawa akatoka jikoni kwenda kunawa mikono pipani, akafunua kile kitambaa chenye ua, akasimama. Alisimama kwa muda hata shangazi yake akaanza kumwita. Kisha akanituma nikamletee upawa wake garini. Nilidhani akili imemruka, masikini, nikataka kukataa, nikaogopa. Nikamletea. Alichota mara moja tu, akauinua juani.

Humo ndani walikuwa wamejaa kama majani ya chai.

Watu husema mganga hajigangi, na kikulacho ki nguoni mwako. Tunayasema kwa wepesi kabisa, kwenye vikao, tukicheka. Mimi tangu siku ile siwezi kuyasikia. Mwanamke aliyepanda juu ya bati la mtu kukagua tairi alikuwa akirudi kwake kila jioni, anafunua pipa la mapenzi ya mumewe, anachota kwa kikombe, anaosha buti, anawaza mboga. Hakutazama. Kazi ilikuwa imeisha, na alikuwa nyumbani kwake.

Alikuja mbele na ule upawa, akauweka mbele ya Bwana Taratibu. Yule bwana alipoona, alishuka kitini akapiga magoti, akalia kwa sauti mbele ya watoto. Bi Upawa alimshika bega. "Inuka," alimwambia. "Ningekuwa mimi, ningechora vilevile."

Aliporudi kazini, kikao cha kwanza cha Jumatatu, tulipofika kwenye ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo, alinyoosha mkono. Aliomba jambo moja. Aliomba chaki ya heshima ikome, na kila mzunguko wa ukaguzi uanze na nyumba zetu sisi, ya Mkuu wa Idara ikiwa ya kwanza, ndipo twende kwa wananchi. Hakuomba fidia wala hakumlaumu mtu. Mkuu, aliyekuwa mgeni kwenye kiti wakati huo, alitoa rambirambi nzuri sana, akasema wazo ni zito, linahitaji kutafakariwa. Tuliinamisha vichwa. Kila mmoja wetu alijua mama yule anasema kweli, na kila mmoja alikuwa ameshaanza kuliwazia pipa lake.

Jumatatu iliyofuata alinyoosha mkono tena. Na nyingine tena. Mkuu alieleza kwamba magazeti yakisikia viluwiluwi wamekutwa kwa wafanyakazi wa mbu, idara itakuwa kichekesho, na ni nani atawafungulia geti baada ya hapo. Bi Upawa alisema idara iliyozika watu haiwezi kuogopa kuchekwa. Miezi ilipita namna hiyo. Mwishowe Mkuu akaifuta mengineyo kwenye ajenda za kitengo, moja kwa moja, na mpaka leo vikao vyetu havina mengineyo. Bi Upawa akawa ananyoosha mkono wakati wa kufungua kikao.

Alipoona neno halimfikishi, akaanza kwenda kwa miguu. Saa zake za mapumziko alizimaliza kwenye mageti ya wenzake, anabisha hodi, anaomba kuingia. Bwana Taratibu alimfungulia wa kwanza na akamfungulia kila kitu, hata kabati la nguo. Kwangu alikuta sahani ya chini ya maua ya mke wangu ina wapangaji, na mke wangu akaninunia mimi badala ya mbu. Wachache wengine walimkubali. Wengi waliacha kumsalimia. Mke wa mfanyakazi mmoja, simtaji ila ukumbini yumo, alimwambia kupitia tundu la geti kwamba aliyeshindwa kumlinda mumewe asije kuwalindia watu wa kwao. Nilikuwa ndani ya gari, nilisikia. Bi Upawa alipanda, akafungua karanga zake, hakula hata moja.

Malalamiko yakawa mengi, kwamba mama huyu anaingilia faragha za watu, kwamba msiba umempanda kichwani. Basi miaka minne iliyopita, kwa kuuheshimu umri wake, ndivyo tulivyotangaziwa, akahamishiwa stoo. Mkaguzi bora tuliyewahi kuwa naye akapewa funguo za chumba kisicho na dirisha, awe anagawa glovu, dawa na chaki. Jamani, kuna heshima ambazo mtu angepunguziwa kidogo angeshukuru. Lakini kama walidhani wamemnyamazisha, walikosea chumba. Kila mkaguzi alipaswa kupita kwake asubuhi kuchukua chaki, na kila mmoja aliulizwa swali moja, kwa upole wa kuudhi, kama chaki anayotaka ni ya kweli au ya heshima. Wapo walioanza kununua chaki zao dukani.

Ningeweza kuishia hapo. Ningeongeza shukrani, mngepiga makofi, tungekula. Ila wiki mbili zilizopita kuna jambo lilitokea ambalo limenikosesha amani, na nimeamua mlisikie.

Mkuu alikuja stoo mwenyewe. Nilikuwa mlangoni nasubiri mafuta ya mashine. Katika miaka yake yote hajawahi kufika pale. Alisukuma mlango unaovutwa, mara mbili, mpaka nikamfungulia. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake anayeishi nao, alikuwa amelazwa, homa haishuki na chembe za damu zinazidi kupungua. Daktari aliuliza kama nyumbani kuna maji yaliyotuama. Mkuu wa Idara inayosimamia mbu alikuwa hajui. Alimwomba Bi Upawa aende akaangalie, kama dada yake, alisema.

Bi Upawa hakumwambia hata moja kati ya yale ambayo mimi ningemwambia. Alichukua upawa, akafunga stoo. Alikaa mbele kwa ajili ya magoti yake, na Mkuu akajibana kiti cha nyuma na mabomba ya dawa.

Nawaambia nilichokiona. Geti la Mkuu lilikuwa na alama zetu za chaki kuanzia juu hadi chini, tarehe juu ya tarehe, nadhifu, hakuna mzunguko uliorukwa, na hakuna hata mkaguzi mmoja aliyewahi kuvuka pale. Katikati ya bustani palikuwa na chemchemi ya mapambo, ya mawe, ambayo pampu yake ilikufa zamani. Kivuli kizuri, maji meupe, majani machache juu. Baiskeli ya mtoto ilikuwa imeegemezwa kwenye ukingo wake. Bi Upawa alipiga magoti pale, akigumia, akachota. Hakuna haja ya kuwaeleza. Mkuu alisogea akatazama ndani ya upawa, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyumba yake akashika kichwa.

Walifanya kazi asubuhi nzima, Bi Upawa na mke wa Mkuu, na mimi nikibeba. Walimwaga, wakasugua kingo za mawe kwa brashi kwa sababu mayai hung'ang'ania hata maji yakiondoka, wakageuza vyungu, wakatoboa matundu chini ya bembea ya tairi. Bi Upawa alimfundisha yule mama kila kitu bila neno moja la kuchoma. Mtoto amepona, tushukuru. Alitoka hospitali Jumanne. Habari zilipofika stoo, Bi Upawa alikaa juu ya ndoo ya dawa akalia kwa furaha, nami nilikuwa sijamwona akilia tangu msiba wake.

Lakini siku ile, tukirudi kazini, Mkuu aliinama mbele katikati ya viti vyetu. Alimshukuru sana Bi Upawa, na nina hakika alikuwa anasema kwa moyo. Kisha akaomba jambo lile lisitoke nje ya gari. Akasema Bi Upawa akishastaafu salama, wataangalia utaratibu.

Bi Upawa alikuwa akitazama barabara. "Mkuu," alisema, "mume wangu alichorewa chaki ya heshima, na mjukuu wako amechorewa. Wako alipata kitanda, basi, hiyo ndiyo tofauti." Kisha akamuuliza kama Jumatatu atatangaza.

Jumatatu ilikuja, kikao kikafunguliwa, kikafungwa. Jumatano ukaguzi ulifika mtaa wa Mkuu. Mkaguzi mwenye zamu alisalimia getini, akauliza hali ya mtoto, akachora, akapita. Nilikuwa nyuma ya usukani, nikaona kwa macho yangu.

Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo bado ninayo. Sina hasira na mkaguzi, anafanya tulichomfundisha. Nina hasira kwamba mwanamke ametuomba neno moja miaka yote hii, neno ambalo halihitaji bajeti wala mashine, na tumemjibu kwa keki. Mpango wa leo una keki, una saa ya ukutani iliyofungwa kwa utepe, una cheti kinachosema alikuwa "mfano wa ushirikiano". Mimi nimemwona akishirikiana na mlango uliofungwa.

Bi Upawa mwenyewe aliniomba nisiiandike habari ya mtoto. Alisema mtoto si fimbo ya kumchapia babu yake, na kwamba yeye ameshachoka, anataka kuondoka bila ugomvi. Nilimheshimu, nikaikata. Kisha heshima hiyo ikanikaa kooni, kwa kuwa nilijua ni ya aina gani. Nikaenda kwa mke wa Mkuu, nikamsomea yote, kuanzia mwanzo, tukiwa tumesimama kando ya yale mawe makavu. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniambia, "Soma. Na useme mimi ndiye niliyekuruhusu." Kwa hiyo mama, asante, na pole kwa kukaa kiti cha mbele.

Bi Upawa, dada yangu, umetufanyia kazi isiyoonekana. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, hakuna anayeugua, na hakuna anayejua kwamba hakuugua kwa sababu yako. Watu wengi wa mji huu wanazeeka sasa hivi bila kukujua. Tunakushukuru kwa niaba yao. Tunakuombea magoti yapatane, wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi, na asubuhi uamke saa unayotaka mwenyewe. Ukae barazani mchana kweupe, umevaa nguo nyepesi, pasiwe na kitu cha kukuuma. Maganda ya karanga sitayafagia wiki hii.

Unachokitaka si saa ya ukutani, kila mtu humu ndani anajua, na anayeweza kukupa amekaa hapa mbele yangu. Nimemaliza. Mkuu wa Idara, karibu, kipaza sauti hiki hapa.